Kwa nini deki ya zamani hugoma kuwaka umeme ukikatika na kurudi?

Deki ya video imekaa sebuleni miaka mingi, saa yake ya kijani ikiwaka usiku na mchana. Umeme unakatika alasiri, unarudi baada ya magharibi. Friji inanguruma, feni inazunguka, deki kimya. Hapa Tanga jibu la haraka ni moja: umeme umerudi na nguvu, umeiunguza. Mimi mwenyewe niliwaambia watu hivyo kwa miaka, mpaka deki yetu ilipogoma nikaipeleka kwa fundi mmoja Ngamiani.

Alifungua mfuniko akanionyesha fyuzi. Ndani ya kioo chake waya ulikuwa mzima. "Mwanangu, ingekuwa imepigwa na umeme, hiki kioo kingekuwa cheusi." Kisha akapima kapasita kubwa, kipande kinachotunza umeme, iliyo karibu na waya wa kuingilia: volti 320 na ushee. Umeme ulikuwa umefika ndani salama, ila hakuna aliyeupokea.

Kuunguzwa kupo, tusilikatae. Umeme ukirudi na kishindo huweza kupasua fyuzi na vipande vya jirani yake, na alama hubaki: masizi, harufu, kipande kilichofumuka. Lakini deki inayokufa bila alama yoyote, mara nyingi haikuuawa jioni ile. Ilikuwa inaumwa siku nyingi, na ugonjwa wake ni kwamba inaweza kuendelea kukimbia lakini haiwezi kuanza. Bila umeme kukatika, usingejua.

Inawezekanaje? Pawa saplai, sehemu inayoilisha deki umeme, kwa deki nyingi hubadili volti 230 za ukutani kuwa umeme wa DC, yaani wa upande mmoja kama wa betri, wa volti kama 325, kisha huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Anayeongoza ukataji huo ni saketi ndogo inayohitaji volti chache zake, na volti hizo huzipata kwenye transfoma ileile. Sasa transfoma haijaanza kazi. Saketi italishwa na nani?

Fikiria pampu ya mkono ambayo haivuti maji mpaka kwanza uimwagie kopo moja. Ikishashika, inatoa maji yake, na kopo unalijaza tena kutoka humohumo. Ndani ya deki, kopo ni kapasita ndogo, yetu ilikuwa ya mikrofaradi 47, ndicho kipimo cha ujazo wake. Rezista kubwa, kipande kinachobana umeme, huidondoshea umeme tone kwa tone. Ikijaa, humwagwa mara moja, saketi inaamka, transfoma inashika. Kapasita ikikauka, kopo linapungua na mdomo wake unaziba: linajaa, lakini haliwezi kumwaga kwa kasi. Saketi inaamka, inakosa chakula, inalala, inaamka tena. Ukitega sikio kwenye baadhi ya deki utasikia: tik, tik, tik.

Kinachoikausha ni joto. Kapasita za aina hii zina majimaji ndani, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikipungua, maisha yake huongezeka maradufu. Yenye kiwango cha saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikikaa kwenye nyuzi 65 inapewa saa 32,000. Nyingi? Mwaka una saa 8,760, na deki inayoonyesha saa haijazimwa hata ukibonyeza swichi. Hiyo ni kama miaka mitatu na nusu. Ni makadirio tu, nyingi huvuka hapo, lakini zinavuka zikiwa dhaifu.

Kilichonishangaza zaidi ni alichofanya fundi baadaye. Aliazima kwenye saluni ya jirani ile mashine ya mkono ya kukaushia nywele, akaipulizia kapasita ile ndogo kwa dakika moja, akachomeka waya. Deki ikawaka! Mafuta ya nazi asubuhi za kusi huganda kwenye chupa, ukiipasha yanatiririka. Majimaji ya kapasita hayagandi hivyo, lakini yakiwa na joto hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana deki iliyokuwa ikikaa na joto lake ilidumu, na saa chache za kupoa zikaimaliza.

Si kila deki ina kasoro hii. Wakati mwingine rezista ya matone ndiyo iliyokatika. Na usijaribu mwenyewe kama hujazoea: kapasita kubwa inaweza kushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Fundi aliweka kapasita mpya ya nyuzi 105, mstari wake unaoonyesha hasi upande uleule wa ile ya zamani. Deki ikawaka, lakini akakataa kunipa siku ile. "Ina joto, haijathibitika." Ililala mezani kwake bila umeme. Asubuhi niliposhika mfuniko ulikuwa baridi. Akachomeka, na saa ya kijani ikaanza kupepesa.