"Usimchome Huyu, Ana Mimba": Yanayosemwa Kuhusu Chanjo za Mifugo, na Ukweli Wake

Mama mmoja wa Machame alisimama mlangoni mwa banda lake, mkono mmoja kwenye nguzo, mwingine amenizuia nao kama mtu anayesimamisha daladala. "Daktari, wachome wale wawili. Huyu usimchome, ana mimba ya miezi saba. Mwaka juzi ng'ombe wa jirani alichanjwa, wiki haikuisha akatupa."

Siku hiyo nilikuwa na chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Niliweka bomba la sindano kwenye deli la barafu, tukakaa kwenye ndoo mbili zilizogeuzwa, tukaongea. Nimechanja mifugo kutoka Hai hadi Arumeru kwa miaka mingi, na hofu kama ya mama yule siioni kuwa ujinga. Chanzo chake mara nyingi ni jambo lililotokea kweli. Shida inaanza pale jambo la chanjo moja linapobebeshwa chanjo zote.

"Chanjo zinatupa mimba"

Iko chanjo inayofanya hivyo, na lazima isemwe wazi. Chanjo kongwe ya homa ya Bonde la Ufa, iitwayo Smithburn, inatokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mbu huko Uganda mwaka 1944, kikadhoofishwa kwa kupitishwa kwenye ubongo wa panya. Ni ya bei nafuu, sindano moja inatosha, na kinga yake hudumu. Lakini kirusi chake ni hai, na akichomwa kondoo mwenye mimba, anaweza kutupa au kuzaa mwana mwenye kilema. Mfugaji aliyewahi kuona hilo zizini kwake hasahau, na atawasimulia wenzake mnadani Weruweru mpaka uzeeni.

Ilipoingia homa ile mwaka 2007, ikianzia wilaya ya Ngorongoro na kusambaa hadi mikoa mingine, nchini walifariki watu zaidi ya 100. Wengi wa wanaougua huipata kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa, kumchinja, au kumzalisha. Kwa hiyo kuacha kuchanja nako kuna gharama yake, na kwa ugonjwa huu gharama hiyo inafika hadi kwa binadamu.

Kwa sababu hiyo wanasayansi wametafuta njia nyingine. Mmoja wao ni Mkenya, George Warimwe, ambaye pamoja na wenzake wametengeneza chanjo isiyo na kirusi cha homa yenyewe. Wamechukua kirusi cha mafua ya sokwe, wakakikata uwezo wa kuzaliana, wakakibebesha maelekezo ya kutengeneza protini za nje tu za kirusi cha Bonde la Ufa. Mwili wa mnyama unaziona zile protini, unajifunza kuzikabili, basi. Ilijaribiwa kwa kondoo na mbuzi wenye mimba na haikuwadhuru. Inachunguzwa pia kwa ajili ya binadamu.

Na chanjo nyingine? Ile ya sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyotokana na kirusi kilichopatikana Nigeria mwaka 1975, ni hai lakini haitupi mimba, na mchomo mmoja unakinga kwa miaka isiyopungua mitatu. Ya miguu na midomo ina kirusi kilichouawa kabisa. Hapo kinachoweza kumdhuru mwenye mimba kubwa ni purukushani: vijana wanne wamemng'ang'ania, sakafu imelowa mkojo, anateleza na kuangukia tumbo. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

"Mnatuletea ugonjwa kwenye chupa"

Hii naisikia zaidi upande wa Monduli na Longido, na nadhani najua ilikotoka. Wafugaji wa kule wameizoea chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ambao Wamasai huuita oltikana. Chanjo ile kweli inampa ndama ugonjwa: anachomwa vijidudu hai vya ndigana, papo hapo anachomwa na dawa ya kuvizuia, augue kidogo sana asife. Imeokoa ndama wengi, na ndama mwenye hereni ya chanjo hiyo amekuwa akipata bei nzuri zaidi. Ila ndigana haisababishwi na kirusi, na njia ile si ya chanjo zote.

Chanjo za virusi zina namna kuu tatu. Zipo zenye kirusi kilichouawa. Zipo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kama ya kideri cha kuku na ya mapele ngozi ya ng'ombe, na hizi zinaweza kuleta homa ya siku chache au uvimbe mahali pa sindano. Zipo mpya, zenye kipande tu cha kirusi.

Lakini mbona ng'ombe huchanjwa Jumatatu, Alhamisi anatoka mapovu mdomoni? Mara nyingi alikuwa ameshaambukizwa. Miguu na midomo, oloirobi kwa Kimasai, inaweza kujificha mwilini siku 2 hadi 14 kabla ya kuonekana, na watu hutuita wakati jirani ameshaanza kuuguza. Na mara nyingine, inaniuma kuandika hili, tunaubeba sisi wenyewe. Sindano moja boma zima, halafu boma linalofuata, viatu vikiwa na samadi ileile. Mfugaji ana haki ya kudai sindano safi na kuniambia nioshe buti getini.

"Chanjo salama zaidi ni dhaifu"

Dhana hii inavaa koti la hekima: dawa kali ndiyo inayoponya. Historia ya sotoka ya ng'ombe inaikana. Miaka ya 1890 sotoka, olodua kwa Kimasai, ilifagia ng'ombe wa Umasai na njaa ikaua watu. Baadaye kule Kabete, Kenya, ikatengenezwa chanjo kwa kupitisha kirusi kwenye mbuzi. Ilisaidia, lakini kwa baadhi ya koo za ng'ombe ilikuwa kali mno, wakaugua. Ndipo Walter Plowright na wenzake, hapo Muguga, wakakikuza kirusi kwenye chembe za figo za ndama, wakakihamisha kutoka chombo hadi chombo karibu mara 90, mpaka kikapoteza makali yote. Ng'ombe akichomwa haugui, na kinga anakaa nayo maisha yake yote. Chanjo hiyo ndiyo iliyobeba kazi ya kuitokomeza sotoka duniani, ikatangazwa mwaka 2011. Ilikuwa salama kuliko iliyotangulia, na ikaumaliza ugonjwa.

Usalama haumhusu ng'ombe peke yake. Ili upate chanjo ya miguu na midomo ya kirusi kilichouawa, lazima kwanza ukuze kirusi hai kwa wingi mno ndani ya kiwanda. Agosti 2007, huko Pirbright, Uingereza, kirusi kilitoroka kutoka eneo lenye maabara ya utafiti na kiwanda cha chanjo. Mabomba chakavu ya maji machafu ndiyo yaliyoshukiwa. Ng'ombe wa mashamba ya karibu wakaugua.

Ndiyo maana nafurahi nikisoma kuhusu chanjo za ganda tupu. Chukua karanga isiyo na punje: kwa nje ni karanga, ukiipanda haioti. Wataalamu wanatengeneza ganda la kirusi cha miguu na midomo bila chembe za urithi ndani yake, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuzaliana wala kutoroka. Ugumu ulikuwa kwamba ganda tupu husambaratika upesi kwenye joto, na mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walionyesha namna ya kulikaza kwenye maungio yake. Marekani nayo ilitoa kibali cha masharti mwaka 2012 kwa chanjo inayofanya mwili wa mnyama ujitengenezee ganda hilo wenyewe. Faida nyingine: kwa kupima damu unaweza kumtofautisha ng'ombe aliyechanjwa na yule aliyeugua, jambo la maana kwa nchi inayotaka kuuza nyama nje.

"Nilichanja mwaka jana, yatosha"

Kwa miguu na midomo haitoshi. Kinga ya chanjo tulizonazo hudumu kama miezi sita, na kirusi kina aina saba. Hapa kwetu zimeonekana O, A, SAT 1 na SAT 2. Chanjo ya O haimkingi ng'ombe na SAT 2.

"Baridi ikizidi ndiyo vizuri"

Hapana. Chanjo ya miguu na midomo iliyochanganywa na mafuta ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena. Inataka nyuzi 2 hadi 8. Chanjo ya kideri ya I-2, ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne, inavumilia joto zaidi, lakini jua kali linaiua. Na usioshe bomba kwa spiriti kisha ukavutia chanjo hai. Utakuwa umeua chanjo kabla haijafika kwa mnyama.

Tukirudi kwa mama wa Machame: nilimuuliza jirani alichanjiwa nini mwaka ule. Hakujua. Jirani mwenyewe, tulipomwita kupitia uzio wa migomba, hakujua pia. Aliyechoma aliondoka na vichupa vyake. Basi hatukuweza kujua kama ni chanjo, ugonjwa wa kutupa mimba, au mieleka ya siku ile.

Nilichanja wale wawili. Yule wa mimba nilimwacha. Chanjo isingemdhuru, lakini banda lilikuwa linateleza na sisi tulikuwa wawili tu. Mama alichukua chaki ya mwanawe, akaandika mlangoni tarehe, jina la chanjo, na namba iliyo kwenye kichupa, akinisomesha tarakimu moja moja nihakikishe. Chini yake akaandika mwezi wa kunirudisha.