Je, wajua kwa nini kiinimacho kimoja hakiwadanganyi watu wote kwa kiwango sawa?

Chora mistari miwili yenye urefu uleule. Katika kila ncha ya mstari wa kwanza weka vijistari viwili vinavyorudi ndani, kama kichwa cha mshale. Katika kila ncha ya mstari wa pili weka vijistari vinavyofunguka kwenda nje. Wengi wanaoutazama mchoro huo huona mstari wa pili kuwa mrefu zaidi, na hata wakipima kwa rula na kuridhika kwamba urefu ni mmoja, jicho huendelea kushikilia lilichoona mwanzo. Kiinimacho hiki kilielezwa mwaka 1889 na Mjerumani Franz Carl Müller-Lyer. Kimekuwa kielelezo mashuhuri katika saikolojia inayolinganisha tamaduni, kwa kuwa kiwango cha kudanganyika hutofautiana kutoka jamii moja hadi nyingine.

Tofauti hiyo ilianza kupimwa mapema. Mwaka 1898 msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulikwenda katika visiwa vya Mlango-bahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya, na W. H. R. Rivers akawapima wenyeji kwa viinimacho mbalimbali. Wazungu wengi wa zama hizo waliamini kwamba watu waliowaita washenzi wangedanganyika kwa urahisi zaidi. Wenyeji walidanganyika kidogo kuliko Waingereza katika mistari ya Müller-Lyer, lakini walidanganyika zaidi katika mchoro mwingine, ule unaofanya mstari wa wima uonekane mrefu kuliko wa mlalo. Hakuna ngazi moja ya akili inayoweza kueleza matokeo hayo mawili kwa pamoja.

Utafiti uliosifika zaidi ni wa Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, uliochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1966 baada ya kupima watu wa jamii nyingi, hasa za Afrika. Kwa wakazi wa Evanston, Marekani, ilibidi mstari wenye vichwa vya mishale uwe mrefu kuliko mwenzake kwa takriban moja ya tano ndipo miwili hiyo ionekane sawa. Kwa Wasan wa Kalahari, na kwa wafanyakazi wa migodi ya Johannesburg, nyongeza iliyohitajika ilikaribia sifuri. Maelezo yaliyotolewa yaliwavutia wengi: anayekulia katika nyumba za pembe nne, kati ya kuta na samani zilizonyooshwa na seremala, hujifunza kusoma pembe kama dalili ya umbali, ilhali anayekulia mahali pasipo na pembe hizo hajifunzi hivyo.

Hoja hiyo inategemea jambo ambalo ubongo hulifanya kila dakika. Mtu anayeondoka akienda mbali hupungua ndani ya jicho: taswira yake katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huwa nusu kila umbali unapoongezeka maradufu. Hata hivyo hatumwoni akinywea, kwa sababu ubongo hukadiria umbali wake na kurudishia ukubwa uliopotea. Kutokana na hesabu hiyo, vitu viwili vikiacha taswira sawa katika retina, kile kinachodhaniwa kuwa mbali lazima kionekane kikubwa zaidi. Sasa rudi kwenye mchoro. Vijistari vinavyofunguka nje hufanana na kona ya ndani ya chumba, iliyo mbali na mtazamaji; vichwa vya mishale hufanana na kona ya nje ya jengo, inayomkabili. Ubongo uliozoea kona, kwa mujibu wa maelezo haya, hurefusha mstari wa pili kana kwamba uko mbali, ingawa yote miwili imo katika karatasi moja.

Maelezo haya yamesimuliwa mara nyingi mno hivi kwamba wengi huyachukua kuwa jambo lililothibitishwa: majengo ndiyo yaliyotuumbia kiinimacho. Ushahidi hauungi mkono hitimisho hilo, na inafaa kulishughulikia kwa kirefu. Kwanza, kama kudanganyika kungefunzwa na mazingira, watoto wangedanganyika kidogo na watu wazima zaidi. Data za Segall na wenzake zilionyesha kinyume chake katika jamii nyingi: watoto walidanganyika zaidi. Pili, kiinimacho hiki kimepatikana kwa njiwa na hata kwa aina fulani ya samaki. Tatu, hubaki hata vijistari vya pembeni vinapobadilishwa kuwa mapinde au duara, maumbo yasiyo na kona yoyote ya chumba. Nne, watu waliozaliwa vipofu hukipata kwa kupapasa mistari iliyochongwa.

Ushahidi wa tano ndio mzito kuliko yote. Nchini India, timu ya Pawan Sinha imekuwa ikiwafuatilia watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho na kuanza kuona baada ya upasuaji wakiwa wamekwisha kukua. Mwaka 2015 timu hiyo iliripoti kwamba watoto wa namna hiyo walidanganyika na mistari ya Müller-Lyer punde tu walipoanza kuona, kabla ya kuishi na kona za nyumba kwa macho yao. Dorsa Amir na Chaz Firestone walikusanya ushahidi wa aina hizi katika makala ya mwaka 2025, na kwa maoni yangu walichoandika kinatosha kuondoa dhana kwamba utamaduni ndio chanzo cha kiinimacho chenyewe.

Yapo maelezo mengine yasiyohitaji kona wala umbali. Mtu aliyevaa glavu nene akipapasa ubao wenye vipande vilivyobandikwa kwenye ncha, hataweza kutenga ncha na vilivyobandikwa. Atakadiria mwisho wa ubao mahali fulani kati ya hivyo viwili. Huenda mfumo wa kuona hukadiria ncha ya mstari kwa namna hiyo, ukivutwa nje au ndani na vijistari. Maelezo haya yanapatana na samaki na vidole vya vipofu vizuri zaidi kuliko yale ya seremala, ingawa bado hayajamaliza mjadala.

Linabaki swali la tofauti kati ya jamii, kwani chanzo cha kiinimacho na kiwango chake ni mambo mawili. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliutumia mfano huu kuonya kwamba saikolojia imewajua binadamu kupitia wanafunzi wa vyuo vya Magharibi. Onyo hilo lina nguvu hata mfano ukidhoofika. Hata hivyo, vipimo vya zamani vilifanywa na watu tofauti katika mazingira tofauti, na namna mtu anavyoelewa swali inaweza kubadilisha jibu.

Dalili bora zaidi hutoka Namibia, kwa kiinimacho tofauti, kile cha duara linaloonekana dogo likizungukwa na maduara makubwa. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba Wahimba waliathirika nacho kidogo kuliko Waingereza, kana kwamba umakini wao ulikaa kwenye duara la katikati. Mwaka 2012 ilibainika kwamba Wahimba waliohamia mjini walivutwa zaidi na umbo la jumla kuliko wenzao wa vijijini. Watu wa asili moja na lugha moja wanapotofautiana hivyo, urithi wa damu hautoshi kuwa jibu. Lakini wanaohama huenda walikuwa tofauti na wanaobaki hata kabla ya kuondoka, na kulinganisha makundi mawili kwa wakati mmoja hakuwezi kutenga sababu hizo mbili.