Milimita tatu ambazo si tatu: dhana potofu kuhusu modeli za mbao zinazokatwa kwa leza

Modeli ya mbao iliyokwisha kupachikwa, iwe twiga, meli au saa yenye magurudumu, humfanya mtazamaji aione kazi yote kuwa nyepesi. Vipande bapa vina mianya, mwanya unaingia kwenye mwanya mwenzake, basi. Hakuna skrubu, na mara nyingi hata gundi hakuna. Wepesi huo wa macho ndio unaozaa imani zinazoishia kwenye vipande vinavyopwaya, ndimi (sehemu zinazochomoza ili ziingie kwenye matundu) zilizovunjika na plaiwudi ya kutupa. Nyingi ya imani hizo zina mzizi mmoja: kwenye kompyuta tunachora mstari, na mstari hauna unene. Mbao inao, tena haukai mahali pamoja.

"Plaiwudi ya milimita 3 ina unene wa milimita 3"

Hiyo 3 ichukulie kama jina la bidhaa. Kiwandani matabaka hugandamizwa kwa gundi na joto, kisha uso hupigwa msasa, na kinachotoka kinaweza kuwa 2.7 au 3.2. Hata bapa moja linaweza kutofautiana kutoka kona hadi kona. Unyevunyevu nao una mchango wake: bapa lililokaa stoo yenye majimaji huvimba, likikauka hunywea.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, chukua vernia, kipimio cha unene chenye taya mbili, upime kingo zote nne, sehemu kadhaa kila ukingo, na kila namba uiandike palepale kwa penseli. Bapa likionyesha tofauti kubwa, vipande vyenye mianya mingi vipange upande mmoja, na vile visivyobeba kitu vipeleke upande mwingine. MDF, bapa la nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi, huwa na unene unaolingana zaidi, ndiyo maana wengi huitumia kwa majaribio, ila kingo zake zikipata maji hufura na hazirudi.

"Leza inakata tu, haili mbao"

Msumeno ukipita unaacha vumbi chini, hivyo kila mtu anajua umekula mbao. Leza nayo inakula, lakini inachokula kinapanda juu kuwa moshi, na watu wanasahau. Mashine ya leza ya CO2 (inayotumia gesi ya kaboni dioksidi) ikikata plaiwudi nyembamba, ufa unaobaki huwa kati ya 0.1 na 0.3 mm hivi, kutegemea lenzi, fokasi (mahali mwale unapokuwa mwembamba kabisa), kasi na mbao yenyewe. Mwale hufuata katikati ya mstari uliouchora, kwa hiyo nusu ya ufa inaliwa upande huu na nusu upande ule.

Piga hesabu kwa mwanya mmoja tu. Umechora mwanya wa 3.0 mm. Ufa wa 0.2 mm unakula 0.1 kila upande, mwanya unatoka na 3.2. Bapa uliloliita la milimita 3 kumbe lina 2.8. Pengo ni 0.4 mm, na kipande kitayumba kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kwa bapa hilo mwanya ulipaswa kuchorwa 2.6. Kwa ulimi unaoingia kwenye tundu hali ni mbaya zaidi, maana ulimi unapungua na tundu linaongezeka kwa wakati mmoja.

Programu nyingi za kuendesha mashine hizi zina sehemu ya kufidia ufa. Itumie, ila uamue: ama unafidia kwenye mchoro, ama kwenye programu. Ukifidia kote kuwili, mianya inabana hadi hakuna kinachoingia, halafu lawama zote anabebeshwa fundi wa mashine.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kitana cha majaribio. Kata ukanda mdogo wenye mianya iliyopangwa kwa safu: 2.4, 2.5, 2.6, hivyo hivyo hadi 3.2, na chini ya kila mwanya uchome namba yake. Chukua kipande cha bapa hilohilo ukipitishe kwenye mianya mmoja baada ya mwingine. Unaoutafuta ni ule unaokubali kwa kusukuma na vidole viwili, na ukikigeuza kitana juu chini, kipande hakidondoki. Ukihisi unahitaji nyundo, sogea kwenye mwanya mpana unaofuata. Namba uliyoipata ni ya bapa hilo, mashine hiyo na mipangilio hiyo. Bapa jipya, kitana kipya.

"Kama inapwaya, gundi itamaliza kazi"

Gundi ya mbao hushika vizuri nyuso zinazogusana. Si ya kuziba pengo. Ukingo uliokatwa kwa leza umeungua, na ile tabaka nyeusi huizuia gundi isinywewe vizuri na mbao. Kama lazima utie gundi, pitisha msasa kwanza hadi rangi ya mbao ionekane. Halafu gundi zenye maji huvimbisha nyuzi, kwa hiyo ukishapaka usikae ukiwaza. Sukuma kipande mpaka mwisho.

"Faili ni la vekta, unalikuza utakavyo"

Hili limepoteza mbao nyingi kuliko yote. Ni kweli mchoro wa vekta, yaani uliohifadhiwa kama mistari ya kihesabu badala ya nukta za picha, haupotezi ubora ukiukuza. Tatizo ni kwamba ukikuza hadi asilimia 150 ya ukubwa wa awali, mwanya wa 3 mm unakuwa 4.5, ilhali bapa lako bado ni lilelile la milimita 3. Urefu wa modeli unakua. Unene wa mbao haujasikia habari hiyo. Ukipunguza ukubwa kinyume chake kinatokea, mianya inakuwa myembamba kuliko bapa na hakuna kinachopita.

Mchoro uliofanywa kwa akili huuweka unene kama thamani moja inayojitegemea. Ukiibadilisha namba hiyo, mianya yote inafuata na maumbo mengine yanabaki. Kama faili ulilonalo halikuchorwa hivyo, utalazimika kurekebisha mwanya kwa mwanya kwenye programu kama Inkscape. Kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato.

"Kama imekaa kwenye programu, mezani itakaa"

Kioo cha kompyuta kinaonyesha vipande vikiwa vimeshafika. Hakionyeshi njia vilivyopita. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuweka mianya ya vipande viwili vinavyopishana ikitazama juu yote: lazima mmoja ufunguke juu na mwingine chini, kila mmoja nusu ya kimo. Wakishalielewa hilo, wanaingia kwenye gumu zaidi. Mbavu za meli zikishuka kwenye mkuku hakuna shida, zote zinatoka juu. Ongeza sitaha yenye ndimi zinazoingia ubavu wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, na ghafla kipande cha mwisho hakina pa kupitia bila kufumua vingine. Wakati unachora, kila ungio liulize linaingia kutoka upande gani, na vipande uvipe namba kwa mpangilio wa kupachika, si kwa mpangilio wa kuchora. Kadibodi yenye unene wa kukaribiana itakufichulia kosa hilo kwa gharama ndogo.

Pembe nazo zina ujanja wake. Vipande vikipishana kwa nyuzi 90, upana wa mwanya ni unene wa bapa. Lakini leza hukata wima tu. Bapa likipita limeinama kwa nyuzi 60, mwanya huo wima lazima uwe mpana vya kutosha kuupisha mwinamo wote, na kwa mbao ya 3 mm unahitaji takriban 5.2 mm. Kanuni ni hii: gawa unene kwa sine (sin) ya pembe, kisha jumlisha unene uliogawanywa kwa tanjenti (tan) ya pembe hiyohiyo. Na hata ukipatia hesabu, bapa linashikwa kwenye kona mbili tu za mwanya, kwa hiyo litacheza. Ndiyo sababu modeli nzuri zenye pembe za ajabu huwa na kipande cha tatu, pete au kifuniko, ambacho kazi yake ni kuishika pembe isihame.

"Kona za ndani zitobolewe duara ndogo"

Ushauri huu umetoka kwa watu wa mashine za kuchonga kwa keekee inayozunguka, ambayo ina unene wake na haiwezi kuingia kwenye kona. Mwale wa leza ni mwembamba mno, kona inatoka karibu kali kabisa. Acha duara.

"Plaiwudi ina nguvu sawa pande zote"

Plaiwudi ya matabaka matatu ina nyuzi za tabaka mbili za nje zikienda upande mmoja, na ile ya katikati ikikatiza. Wingi wa ugumu uko upande wa nyuso. Mguu mwembamba wa swala ukilala sambamba na nyuzi za nje utavumilia. Ukikatwa kukingama, utavunjika siku ileile ya kupachika. Wanaotumia programu za kubananisha vipande ili kuokoa mbao wawe macho hapa, kwa kuwa programu huzungusha vipande bila kujali nyuzi. Vile vyembamba vifungie mzunguko.

"Haikukatika? Ongeza nguvu"

Wakati mwingine ndiyo. Mara nyingi lenzi ni chafu, fokasi imehama, au bapa limejikunja na kunyanyuka katikati. Ndani ya plaiwudi huwa kuna vifundo na viraka ambavyo huvioni kwa nje, na plaiwudi ya kutumika nje ya nyumba huwa na gundi inayostahimili maji ambayo huungua kuliko kukatika. Nguvu ikizidi, ufa unapanuka na hesabu yako ya mianya inaharibika. Mwale wenyewe una kiuno: mwembamba kwenye fokasi, mpana juu na chini yake, kwa hiyo kuta za mkato huwa na mwinamo mdogo. Laza bapa lote sawasawa, safisha lenzi, hewa ipulizwe kwenye mkato, halafu ndipo uguse nguvu.

Na hapa sina utani: kinachowekwa kwenye mashine kijulikane ni nini. PVC, aina ya plastiki, ikiungua hutoa gesi yenye klorini inayodhuru mapafu na kuila mashine kwa kutu. Mbao nayo hushika moto, hivyo mashine inayokata haiachwi peke yake.

"Leza ndiyo iliyoleta mtindo huu"

Charles na Ray Eames, wabunifu wa Marekani, walitoa kadi zao za kupachikana kwa mianya mwaka 1952. Leza ya CO2 ilibuniwa na Kumar Patel katika maabara za Bell mwaka 1964. Mashine ilileta usahihi na kasi, wazo lilikuwepo.

"Kigumu kuingia, kigonge"

Nyundo ya chuma humegua ulimi, na ulimi ukimeguka ndani ya mwanya kuutoa ni kasheshe. Kwanza angalia kama kipande kimenyooka, maana vingi vinagoma kwa kuwa vimeingia upande. Kisukume kidogo kidogo kwa kukitikisa, kikiendelea kugoma pitisha msasa mara moja mbili kwenye mdomo wa mwanya. Anayechora anaweza kumwondolea mpachikaji taabu hii yote kwa kuupanua mdomo huo kidogo tangu mwanzo.

Modeli zenye kujongea, magurudumu yenye meno na mihimili, hazitaki mafuta. Mbao huyanywa na kubaki na madoa. Zinataka nta, hata ya mshumaa. Isugue kwenye meno na kwenye matundu ya mihimili kabla ya kufunga ubavu wa mwisho, kwa sababu baada ya hapo kidole hakifiki.