Mitego ya Budongo haitegwi kwa ajili ya sokwe

Picha ya sokwe aliyekatika kiganja ikizunguka kwenye simu, sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Masindi, Uganda, karibu na msitu wa Budongo, huisikia kauli ileile: wanakijiji wanawinda sokwe ili wawale. Si kweli, na inawaumiza watu wasio na kosa hilo.

Katika msitu wa Budongo, kitanzi cha waya hutegwa chini, kwenye kijia cha wanyama, kikilengwa kwa paa na nguruwe pori. Watu wengi wa huku hawali kabisa nyama ya nyani wala sokwe. Sokwe hupita, kidole au kiganja kikanasa. Kwa kuwa ana nguvu, huvuta mpaka waya ukakatika, lakini kitanzi hubaki kimekaza. Damu haifiki, vidole hukauka, mwisho kiganja huanguka. Mama wa namna hiyo utamwona akipanda mtini kwa mkono mmoja, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Inauma kumtazama.

Tunajua haya kwa sababu ya utafiti wa miaka mingi. Mwanaanthropolojia Vernon Reynolds wa chuo kikuu cha Oxford alifika Budongo mwaka 1962, akarudi 1990 kuanzisha mradi wa kudumu. Watafiti waliwasikiliza pia wawindaji: wengi wanatega kwa kukosa kitoweo na ada ya shule. Ndiyo maana baadhi yao waliajiriwa kung'oa mitego, na wengine wakapewa mbuzi wa kufuga.