Ukaguzi wa afya na usalama kazini: maswali ya mafundi na wakubwa wa kazi wa Lubumbashi

Lubumbashi ni mji uliokua juu ya kazi ya shaba. Tangu tanuru lilipoanza kuyeyusha madini hapa mwaka 1911, watu wake wamezijua vizuri ajali zinazovunja mguu na kukata vidole. Vumbi, moshi na kelele havijulikani hivyo, kwa sababu vinaumiza polepole na mtu anaendelea kwenda kazini kila asubuhi. Maswali yafuatayo yanatoka kwa mafundi wa sudire (kuchomelea chuma) wa Katuba na Kenya, mitaa ya mji huu, wapakiaji wa maghala ya madini, wenye gereji, na wale wanaosimamia wenzao katika kampuni.

Ukaguzi si kazi ya Leta, yaani serikali? Kwa nini tujikague wenyewe?

Mkaguzi wa kazi wa serikali yupo na ana mamlaka yake, lakini hawezi kuwa kwenye atelie (karakana) yako siku waya unapochubuka. Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya watu wake, na inaweka chombo ambacho wengi wanakisikia tu kwa jina: Komite ya Usalama, Usafi na Upendezaji wa Mahali pa Kazi. Ndani yake wafanyakazi na uongozi wanakaa meza moja. Kampuni yenye komite inayokutana ili kusaini karatasi tu, bila kutembelea mahali pa kazi, bado haijaanza kazi ya komite hiyo.

Sisi ni watu sita tu chini ya mabati. Komite tutaitoa wapi?

Hamhitaji komite ili kuangalia waya. Diski ya kukatia chuma ikipasuka haiulizi kama atelie ina watu sita au mia sita. Chagueni nusu saa isiyobadilika, kwa mfano Jumatatu kabla ya kuwasha mashine, mzunguke wote pamoja na daftari moja. Kijana anayejifunza kazi azunguke pia. Mara nyingi yeye ndiye anayepewa kifaa kibovu, kwa hiyo anajua mengi ambayo mkubwa hayajui.

Tukague mara ngapi?

Kifaa cha mkono kiangaliwe kila siku na yule anayekishika. Mahali pote pa kazi, kila wiki. Mitungi ya kuzimia moto, sanduku la dawa na njia za kutokea, kila mwezi. Tena, kila mara kitu kinapobadilika: mashine mpya, dawa mpya ya kusafishia, mfanyakazi mpya, au ajali iliyokosea kidogo tu. Chuma kikianguka mahali mtu alipokuwa amesimama dakika moja kabla, msipige dua ya shukrani mkarudi kazini. Kwanza jueni kwa nini kilianguka.

Majira nayo yana mambo yake. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, adui ni vumbi. Mvua zinapoanza, angalieni paa linalovuja juu ya swichi, nyaya zilizolala kwenye madimbwi, na sakafu inayoteleza.

Tukianza kuzunguka, tuangalie nini hasa?

Anzeni na kazi yenyewe, si na karatasi. Mwambie fundi, "Nionyeshe unavyofanya," kisha simama uangalie bila kumkatiza. Orodha iliyochukuliwa kutoka kampuni nyingine itakuuliza kama kuna kofia ngumu, lakini haitakuuliza kwa nini fundi wako anavua miwani kila anapofika kwenye kona ya geti.

Tuchukue mashine ya diski, ile ya kukatia na kusugulia chuma, kwa sababu karibu kila atelie inayo. Je, kinga yake ipo? Mara nyingi haipo, na ukiuliza utaambiwa imetolewa ili diski kubwa iingie. Hapo umekuta hatari kubwa. Mashine ndogo ya diski ya milimita 125 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 kwa kawaida imetengenezwa kuvumilia kama mara 6,600 tu, na namba hiyo imeandikwa juu yake. Ukiifunga kwenye mashine ndogo, inazungushwa kupita uwezo wake, na ikipasuka vipande vinaruka kuelekea uso na shingo, huku kinga ambayo ingevizuia imelala chini ya meza. Soma pia maandishi madogo kwenye pete ya chuma katikati ya diski: yanaonyesha mwezi na mwaka wa mwisho wa kuitumia. Diski iliyolowa mvua au iliyoanguka chini itupwe.

Kisha tazama mitungi ya gesi. Isimame wima na ifungwe kwa mnyororo. Mtungi wa oksijeni usiguswe na mafuta wala grisi, hata ile iliyoko kwenye mikono ya fundi wa gereji aliyekuja kusaidia, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni yenye msukumo mkubwa yanaweza kuwaka yenyewe. Kama unashuku mpira unavuja, pakaza maji ya sabuni uangalie mapovu. Usiwashe kiberiti kutafuta mahali panapovuja.

Mtungi wa kuzimia moto: mshale uwe kwenye kijani, pini iwe mahali pake, na pasiwe na magunia mbele yake. Ule wa kaboni dioksidi (CO2) hauna mshale, hupimwa kwa uzito. Na uliza watu watatu jinsi ya kuutumia. Kama hakuna anayejua, umepata tatizo la kuandika.

Mchomeleaji wetu anavaa miwani ya jua na anasema amezoea. Ni kweli mtu anazoea?

Macho hayazoei mwali wa sudire. Mwanga wake unaunguza ngozi laini ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, mtu akihisi mchanga umejaa machoni. Miwani ya jua haitoshi. Anahitaji barakoa ya sudire yenye kioo cheusi cha kiwango kinachofaa, na wanaomzunguka wanahitaji pazia, hasa watoto wanaosimama barabarani kutazama cheche.

Kuna jambo jingine linalopotezea watu fedha za dawa. Fundi akichomelea mabati yenye zinki mahali pasipo na hewa, jioni anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili. Mara nyingi humtoka ndani ya siku moja au mbili, naye anaamini ni malaria imepona. Mtu mwenye homa apimwe malaria, hilo halina mjadala. Lakini kipimo kikisema hakuna, na homa ikirudi kila baada ya kazi ya mabati, mwambie muuguzi ni kazi gani ulifanya. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa sudire kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kuchomelea nje, upande ambao upepo unatoka, si jambo dogo.

Mkubwa anatupa maziwa kila siku ili vumbi litoke. Inatosha?

Maziwa ni chakula kizuri, na mfanyakazi ayanywe. Lakini yanakwenda tumboni, na vumbi liko kwenye mapafu. Njia hizo mbili hazikutani. Nasema hivi bila kumdharau mkubwa yeyote anayetoa maziwa kwa moyo mwema: fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kama ingenunua mpira wa kunyunyizia maji na barakoa za kweli.

Vumbi la mawe lina madini yaitwayo silika, ambayo inatia makovu kwenye mapafu. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, na unamfanya mtu ashikwe kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Vumbi la kobalti linaweza kuleta pumu, ugonjwa wa mapafu na upele wa ngozi. Mfanyakazi wa vumbi akikohoa wiki mbili au zaidi aende kupimwa kifua kikuu, asingoje aanze kutoa damu.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo, na hizo ndogo ndizo zinazofika ndani kabisa. Barakoa inayofaa ni ya daraja la kuchuja vumbi linaloitwa FFP2 au zaidi, na lazima ibane uso. Ndevu nyingi zinaacha nafasi pembeni. Wakati wa ukaguzi, angalia barakoa baada ya zamu: ikiwa ndani pana mstari wa vumbi kuzunguka pua, haikubana.

Fagio kavu ni la kuondoa. Linainua vumbi lililokuwa limetulia. Nyunyizeni maji kwanza.

Nguo za kazi zinahusikaje na afya ya nyumbani?

Mtu anayepakia madini akirudi nyumbani mtaa wa Ruashi na overoli ile ile, amebeba ghala hadi kitandani. Mtoto anamrukia baba mlangoni, mama anafua nguo zote katika beseni moja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha utafiti uliofanyika katika mji huu: hatari ya kuzaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na madini. Hii haina maana kwamba kila mfanyakazi wa madini atapata mtoto mwenye kasoro, wala haipasi kumtia baba lawama. Inatosha tu kwa kila mkaguzi kuuliza: wafanyakazi wanaogea wapi, wanabadilishia nguo wapi, nani anafua overoli? Sehemu ya kuoga na kubadilisha nguo inastahili mstari wake kwenye daftari, sawa na umeme.

Kelele tutaipimaje bila kifaa?

Simama kama mita moja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi upaze sauti ndipo akusikie, kelele ni nyingi mno. Kipimo ambacho wataalamu wengi wanakitumia ni desibeli 85 kwa saa nane. Uziwi wa kelele haurudi nyuma. Pamba ya dukani haizuii kelele inavyopasa.

Umeme ukikatika tunaweka jenereta ndani ili isiibiwe. Kuna ubaya?

Upo, na unaua. Moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kufungua mlango hakutoshi. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha, ndani ya kizimba cha vyuma kilichofungwa kwa kufuli. Watu kadhaa wa chumba kimoja wakianza kuumwa kichwa, kichefuchefu na kulegea kwa wakati mmoja, watoke nje wote mara moja, kisha waende hospitali.

Helmeti na glavu tumewanunulia. Hatujamaliza?

Vifaa vya kuvaa ndiyo kinga ya mwisho. Kabla yake jiulizeni: hatari hii inaweza kuondolewa kabisa? Dawa kali inaweza kubadilishwa na nyingine? Mashine inaweza kufunikwa, moshi kuvutwa nje, vumbi kulowanishwa? Nimeona glavu zikivaliwa kwenye mashine ya kutoboa inayozunguka, na hapo zenyewe ni hatari, kwa sababu zinanaswa na kuvuta mkono.

Tunaandika kila wiki lakini hakuna kinachobadilika.

Angalia mlivyoandika. "Umeme urekebishwe" hauna mtu wa kuufanya. Andika: waya wa mashine ya diski ya pili umechubuka karibu na plagi, atakayeubadilisha ni fulani, mwisho ni Alhamisi. Ukaguzi unaofuata uanze na kusoma ukurasa huo. Na jambo linaloweza kumuua mtu leo halingoji Alhamisi: mashine inazimwa, plagi inatolewa, hata kama mteja amesimama hapo anasubiri geti lake. Hapa ndipo wafanyakazi wanapojua kama mkubwa wao anamaanisha.

Nikisema ukweli kwa mkaguzi wa serikali, sitafukuzwa?

Hofu hiyo ni ya haki. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, ambao Kongo imeuridhia, unampa mkaguzi haki ya kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, mchana au usiku. Unamkataza pia kutaja ni nani aliyelalamika, au hata kumdokezea mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Unaweza kupitia kwa delege (mjumbe) wa wafanyakazi, ili neno liwe la wote. Andika tarehe, mahali na ulichokiona kwa macho yako, bila kuongeza.

Na mtu akiwa ameshaumia?

Kwanza zima mashine na umpeleke kutibiwa. Mahali pabaki kama palivyo hadi paangaliwe, isipokuwa kama kuna hatari ya mwingine kuumia. Mwajiri anapaswa kuitangaza ajali kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na familia ifuatilie karatasi hiyo mapema, kwa sababu haki za matibabu na malipo zinaipitia. Majina ya walioshuhudia yaandikwe siku hiyo hiyo. Kisha fungueni daftari la ukaguzi, mrudi kurasa za nyuma, mwone kama kilichomuumiza kilikuwa kimeandikwa, nani alipewa kukitengeneza, na lini.