Neno la kuamsha ni nini, na kwa nini spika ya nyumbani inarekodi hata kama hujaiita

Hizi spika za kuongea nazo, zile unaziambia zizime taa au zipige mziki, zinaendeshwa na kitu kinaitwa neno la kuamsha, yaani lile jina unaloanza nalo kama "Alexa" au "Hey Google". Wengi wanadhani spika imelala mpaka uiite. Ingekuwa imelala ingesikiaje jina lake? Maiki iko wazi muda wote, inasikiliza sekunde chache na kuzifuta humo humo ndani ya kifaa, ikisikia sauti inayofanana na jina lake ndo inaanza kurekodi na kutuma kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni.

Shida iko hapo kwenye "inayofanana", maana spika inakisia tu. Mwaka 2018 kule Portland, Marekani, mtu na mkewe walikuwa wanaongelea sakafu za mbao, Echo yao, yaani spika ya Amazon inayoitikia "Alexa", ikadhani imeitwa, ikadhani imeambiwa itume ujumbe, ikauliza kwa nani, ikaokota jina kwenye maongezi yao, ikauliza ni huyu eeh? ikasikia ndiyo. Rekodi ikaenda kwa mfanyakazi wa yule mume! Amazon wenyewe ndo walieleza hivyo.

Na wanaosikiliza sio mashine peke yake. Kampuni zinaajiri watu waandike kilichosemwa ili mashine ijifunze. Julai 2019 kituo cha utangazaji cha VRT cha Ubelgiji kilipata rekodi zaidi ya 1,000 za Google Assistant, ile sauti ya Google inayokujibu, na 153 kati ya hizo hakuna aliyeiita, mle kuna maongezi ya chumbani, watu wanagombana, wazazi na watoto wao.

Mi kinachoniuma zaidi ni mgeni. Mwenye nyumba alibonyeza kukubali masharti, je dada wa kazi? Siku moja nko sebuleni kwa rafiki yangu namweleza habari za mkopo, mara taa ndogo ya spika ikawaka, na hakuna aliyeita chochote. Nikanyamaza katikati ya sentensi.

Ukiwa nayo, ingia kwenye apu ufute rekodi za zamani, na uzime ruhusa ya watu kuzisikiliza. Ila kabla ya maongezi ya maana zima maiki kwa kile kitufe kilichopo kwenye spika yenyewe, na mgeni akiingia mwambie ipo.