Maambukizi yanayoozesha nyama: dhana potofu kuhusu upasuaji wake

Dhana: Ngozi haijaharibika, tusubiri.
Ugonjwa huu hutambaa chini kwa chini, kwenye fasia, yaani utando unaofunika misuli. Juu panaweza kuwa na wekundu kidogo tu huku chini kumeshaoza. Mapema, cha kuamini ni maumivu makali kuliko kile jicho linachoona, na uvimbe unaovuka mpaka wa wekundu. Malengelenge ya damu na weusi huja baadaye. Ganzi nayo hudanganya: mgonjwa anasema amepata nafuu, kumbe neva za ngozi zimekufa.

Dhana: Picha ya eksirei au CT haina gesi, basi siyo ugonjwa huu.
Bakteria waitwao streptokoka wa kundi A mara nyingi hawatoi gesi. Shaka ikibaki, chale ya sentimita 2 kwa sindano ya ganzi, hadi kwenye fasia, hutoa jibu. Fasia yenye afya ni nyeupe, inang'aa, imeshikamana. Iliyooza ni ya kijivu, haitoi damu, inatoa majimaji machafu kama yaliyooshea vyombo, na kidole kinapita kati ya tabaka bila kuzuiwa.

Dhana: Tujaribu antibiotiki kwanza, zikishindwa ndipo tukate.
Hili ndilo kosa linaloua. Damu imeganda ndani ya vimishipa, kwa hiyo dawa haina njia ya kufika kwenye nyama iliyokufa. Dawa zianze mara moja, mathalani meropenemu na vankomaisini, pamoja na klindamaisini ya kupunguza sumu ya bakteria, lakini chumba cha upasuaji kisizisubiri. Hata presha ikiwa imeshuka, dripu na dawa za kuipandisha huendelea mgonjwa akiwa njiani kwenda kupasuliwa. Kinachoishusha ni hiyo nyama.

Dhana: Daktari akate kidogo, kisha ashone.
Hukatwa mpaka tishu itoe damu vizuri na fasia isiachane kwa kidole. Msuli ulio hai hutoa damu na hujikunja ukiguswa na kisu cha umeme, usiojikunja hutolewa. Vipande hupelekwa maabara ili bakteria waoteshwe na kutambuliwa. Kidonda huachwa wazi, na baada ya saa 12 hadi 24 mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji kukaguliwa, hata kama anaonekana ana nafuu. Ndugu huuliza kama mara ya kwanza ilikosewa. Hapana, kurudi ni sehemu ya tiba.

Dhana: Yakishika sehemu za siri, korodani zitatolewa.
Mara nyingi hupona, kwa sababu mishipa yake ya damu hutoka kwenye aota, mshipa mkuu wa damu, tumboni, si kwenye ngozi ya pumbu. Ngozi huondolewa, korodani hufunikwa kwa shashi yenye unyevu, na ngozi hupandikizwa baadaye.

Dhana: Mashine ya kunyonya majimaji humaliza kazi.
Husaidia kidonda kikishakuwa safi. Ikifungwa juu ya nyama iliyooza, inaificha tu.